Kitabu cha Nyumba Isiyoomba Moto

Waliokuwapo Jumatatu hiyo ni watano, sita ukimhesabu mtoto. Alikuwapo Jaffer muuza kahawa, mwenye birika la shaba na benchi lenyewe. Alikuwapo Nehemiah fundi cherehani, aliyeitwa Mkasi kwa sababu ya ulimi wake, si kwa sababu ya kazi. Alikuwapo Obadiah, mpimaji wa majani ya chai kituoni, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Mizani. Alikuwapo Onchiri wa baiskeli, aliyeitwa Breki kwa kuwa baiskeli yake haikuwa nazo. Na alikuwapo Persis, Mama Kerubo, aliyekaa chini kwenye gunia kando ya benchi akiuza njugu za kukaanga, Kerubo akiwa mgongoni. Ilikuwa Julai ya mwaka wa sabini na moja, hapa Ikonge, majira yale ambayo ukungu hulala kwenye mashamba ya chai tangu alfajiri na hauondoki mpaka saa sita, na mtu anayekuja barabarani humwoni uso mpaka amekufikia. Juu ya benchi, katikati ya vikombe, kilikuwa kitabu.

Kilikuwa kitabu chembamba cha jalada la kijani, kimeandikwa *Nyumba Isiyoomba Moto*. Mizani alipewa na dereva wa lori la chai, naye dereva hakukumbuka alikitoa wapi. Jina la mwandishi lilikuwa limefutika kwa unyevu.

Jaffer alimmiminia Persis kikombe kabla ya wanaume. Alifanya hivyo kila siku tangu Kerubo azaliwe, bila kusema neno, na Persis kila siku aliliona jambo hilo kama la mara ya kwanza.

— Haya, alisema Mizani akikigonga kitabu kwa kidole. Mimi nimekisoma siku tatu. Mkasi wiki nzima, kama mtu anayesoma Mambo ya Walawi. Mama Kerubo siku mbili, na mtoto akinyonya. Breki amesomewa na Mkasi pale kwenye cherehani. Leo tutoe hukumu. Ni kizuri ama si kizuri?

— Ni kirefu, alisema Mkasi.

— Kirefu? Kurasa sabini!

— Kirefu ndani. Kurasa arobaini hakuna kitu kinatokea, bwana. Mama anaamka, moto umezimika, anaenda kuomba kwa jirani, ananyimwa. Kesho anaamka, anaenda kwa jirani mwingine, ananyimwa. Mimi nilikuwa nangoja fisi. Nilikuwa nangoja hata panga moja tu. Wapi!

— Na mke wako anasema ulianza kuegemeza mchi kwenye mlango, alisema Breki.

— Hiyo ni baridi.

— Mchi unazuia baridi?

Walicheka, Mkasi akacheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa kucheka. Kofia ya sufu aliyovaa Kerubo aliishona yeye, kwa mabaki ya koti la mtu, akakataa hata njugu za asante.

— Lakini hapo ndipo huyu mwandishi amefaulu, alisema Mizani. Hakutishi na kitu. Anakuondolea kitu. Leo anakuondolea sauti ya mbwa, kesho anakuondolea salamu ya jirani, kesho kutwa moshi. Polepole. Unafika ukurasa wa hamsini umejikunja kitandani, na ukiulizwa unaogopa nini huna la kusema.

Persis aliitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo ilivyomfika. Kitabu kilikuwa na kijiji juu ya mgongo wa kilima, bila jina, na mama mmoja mjane aliyekaa nyumba ya mwisho huko chini. Watu wa kijiji hicho walifanya kama wanavyofanya watu wa Ikonge: kiberiti kipo dukani, lakini moto ukizimika asubuhi mtu huchukua kigae akaenda kwa jirani kuomba makaa mawili matatu. Ni kama kuombana salamu. Mjane yule akaenda nyumba ya kwanza, akaambiwa, hata sisi wetu umezimika. Akatazama juu, akaona moshi unatoka kwenye paa lao. Alirudi na kigae chake kitupu. Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu. Kisha mvua ikanyesha, ikanyesha, na siku moja kijiji kizima kikaamka na moto wote umekufa, kila jiko, na moshi ukawa unatoka kwenye paa moja tu, lile la chini. Ukurasa wa mwisho watu wote wanateremka asubuhi kwa mstari, kila mmoja na kigae mkononi, hawasemezani. Wanafika mlangoni. Mlango unafunguka. Kitabu kinaishia hapo.

— Kukatia watu mlangoni ni wizi, alisema Mkasi. Mimi nikimshonea mtu suruali mguu mmoja, atanilipa?

— Swali si la mlango, alisema Mizani. Swali ni huo moto. Aliutoa wapi?

— Radi, alisema Mkasi papo hapo. Huyo mama aliitega radi. Aliweka sufuria juu ya paa.

— Kitabuni hakuna sufuria.

— Ilikuwa ndani ya nyumba. Nani ameingia akaona?

— Mimi nasema ni chini, alisema Mizani. Kuna mahali ukichimba unakuta maji yanachemka yenyewe. Sasa yeye amekaa chini ya kilima. Jiko lake lilikuwa tundu. Linakwenda chini kabisa, na huko chini kuna moto ambao haukuwashwa na mtu.

— Huko ni jehanamu unakosema, Mizani.

— Sijataja jina.

Jaffer alicheka kidogo, akapangusa mdomo wa birika. Breki hakucheka.

— Hamkusikiliza vizuri, Breki alisema. Mimi nilisomewa, na aliyesomewa anasikia. Kila nyumba iliyomnyima, ndiyo moto wake ulikufa. Moto haukuzimika. Ulihama. Uliondoka kwenye majiko yao mmoja mmoja, ukamfuata.

Upande wa pili wa barabara gari la ng'ombe lilipita ndani ya ukungu. Walisikia magurudumu, hawakuliona.

— Wangu ulizimika Jumamosi ile ya kwanza, alisema Mizani baadaye. Sikutaka kusema. Nilikuwa na kitabu hiki ndani ya nyumba.

— Wangu Jumanne ile nilipokuwa nacho mimi, alisema Mkasi. Na Jumatano.

— Ni kuni mbichi, alisema Jaffer. Mwezi mzima hamjaona jua, ndugu zangu. Hata mkaa wangu unatoa machozi.

— Wewe una mkaa wa gunia, Jaffer. Sisi tunasema habari ya jiko.

— Nami nasema habari ya maji. Kuni zikiwa na maji haziwaki. Hilo halihitaji kitabu.

Lakini hakuna aliyemfuata. Persis aliona jinsi wanaume wale watatu walivyosogeleana kwenye benchi, mabega yakigusana, kama watoto waliosimuliwa hadithi. Alitamani mmoja wao aseme jambo la mpira, au la bei ya majani, au amtanie Jaffer.

— Basi niulize, alisema Breki. Sote hapa tunaombana moto. Mke wa Mizani amekuja kwangu. Wangu ameenda kwa Mkasi. Ni nyumba gani hapa Ikonge haijawahi kuomba moto kwa mtu?

Hakuna aliyegeuka kutazama bondeni, kule njia inakoteremka kwenye migomba mpaka nyumba ya Nyanchera. Kutogeuka kwao ndiko kulikomtisha Persis.

Nyanchera alikuwa mzee, mjane wa miaka mingi. Moto wake haukuzimika kwa sababu haukuachwa. Jioni alilaza gogo moja gumu, akalifunika majivu taratibu kama mtu anayemfunika mtoto, na usiku aliamka mara mbili kulitazama. Persis alijua haya kwa macho yake. Mume wake alikuwa kwenye mashamba ya Kericho, anarudi mwisho wa mwezi, na asubuhi jiko lilipokuwa baridi na Kerubo analia, yeye alikwenda huko chini. Hata asubuhi ya leo alikwenda. Nyanchera alimpa makaa manne, akamwekea majani ya mgomba juu ili mvua isiyapate, akamsindikiza mpaka kwenye utelezi.

Alifungua mdomo ili aseme. Kisha akafikiri: nikisema, jina langu litakaa kando ya lake. Akaufunga, akajishughulisha na vikaratasi vya njugu.

— Usicheze na jina la mtu, Breki, alisema Mizani kwa sauti ndogo.

— Sijataja jina. Na wewe hukutaja jehanamu. Breki alikunja mikono yake iliyojaa grisi. Mnajua mwezi wa nne nilizika mtoto.

— Tunajua, ndugu yangu. Pole.

— Siku ya tatu yule wa kule chini alikuja kwetu. Na chungu cha uji. Kutoka kwake mpaka kwangu ni nusu saa, na mvua ile mnaikumbuka, ilikuwa inamwagika. Uji ulifika wa moto. Nilishika chungu kwa mkono wangu huu, nikauondoa. Sasa niambieni, uji unatembea nusu saa kwenye mvua unafikaje unachoma?

— Eh, alisema Mkasi.

— Mke wangu akaunywa. Wote. Mtu ambaye siku tatu hakutia kitu mdomoni.

— Eh! Mkasi alijipiga paja. Basi kitabu si kitabu! Mwandishi alipita hapa. Alilala kwa mtu, akaona, akaenda kuandika. Hata kilima ni kile kile. Sasa tungoje nini? Tuchukue vigae vyetu, twende wote kwa mstari, tukaone mlango ukifunguka kuna nini. Tumalize ukurasa uliobaki!

Alikuwa anacheka. Lakini kicheko chake kilikwenda mbele peke yake, kisha kikaona hakuna anayekifuata, kikasimama. Wale wawili walikuwa wanamtazama kama mtu aliyesema jambo la maana.

Ndipo mtu alipotokea kwenye ukungu. Kwanza ilionekana fimbo, kisha miguu mitupu yenye matope, kisha shuka iliyofungwa begani. Persis alimjua kwa mwendo kabla hajauona uso.

— *Bwakire buya*, alisema Nyanchera. Mmeamkaje, watoto wangu?

— Tumeamka vyema, mama, alijibu Jaffer. Karibu.

— Tumeamka, *magokoro*, alisema Persis, kwa neno wanalomwitia bibi.

Wengine hawakuitika. Mizani alikiinamia kikombe. Mkasi alikuwa na uzi kwenye mkono wa koti, ambao sasa ulimhitaji sana.

— Nakwenda dukani kwa Gulled kununua chumvi, alisema Nyanchera, kana kwamba ameulizwa. Nimesikia kicheko tangu kule chini. Nikasema, leo kuna habari nzuri. Alikiona kitabu. Ni barua?

— Ni kitabu, alisema Breki. Mama Kerubo, hebu msimulie. Mwelezee chote.

Persis alimtazama Breki, akaona kwamba hakusema kwa utani. Alitaka kumwona huyu mzee akisikia. Jaffer alisema, si lazima, mama ana safari yake. Lakini Nyanchera alikwisha kuegemea fimbo, anangoja, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye hasimuliwi kitu mara nyingi.

Basi Persis akamsimulia. Alimsimulia kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini, akiruka mahali alipoweza. Alisimulia habari ya kijiji, na kigae, na nyumba ya kwanza, na moshi juu ya paa la waliosema hawana moto. Mzee alisikiliza kwa mwili wote. Mguu wa Kerubo ulikuwa umetoka nje ya shuka, naye bila kuacha kusikiliza akaushika, akaupasha moto kwenye kiganja, akaurudisha ndani. Persis alifika kwenye mvua, kwenye majiko yaliyokufa, kwenye watu wanaoteremka kwa mstari. Alifika mlangoni, akaishia hapo.

Breki alikuwa amekazia macho uso wa Nyanchera. Mizani pia. Walikuwa wanangoja kitu kionekane pale.

— Maskini, alisema Nyanchera. Sasa, siku zote hizo walipomnyima moto, alikuwa anakula nini?

Aliuliza kwa Kiswahili, ili wote wasikie. Alikuwa anauliza tu.

— Namna gani? alisema Mkasi.

— Chakula. Hana moto. Unga mbichi mtu hali. Mboga mbichi, labda siku moja. Alikuwa anakula nini?

Mizani alikichukua kitabu. Alikifungua katikati, akarudi nyuma, akalamba kidole, akaenda mbele. Walimtazama. Alisoma ukurasa mmoja kwa midomo, akageuza, akasoma mwingine. Kidole chake kiliteremka kwenye mistari kama kinavyoteremka kwenye kipimo cha majani.

— Haikuandikwa, alisema mwishowe.

— Tafuta vizuri, alisema Breki.

— Nimetafuta. Habari za wale wengine zipo. Hapa wamekula wimbi, hapa wamechinja mbuzi. Yeye hakuna.

— Alikuwa na ndizi, alisema Mkasi. Ndizi mbivu.

— Siku ngapi? aliuliza Nyanchera.

Mizani alihesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena.

— Mpaka moshi wake unaonekana, ni mwezi na zaidi.

— Mwezi! Mzee alitikisa kichwa polepole. Hapana. Mtu hawezi mwezi. Huyo aliyeandika alisahau, ama hapakuwa na mtu wa kumwambia. Alijifunga shuka vizuri, akamgeukia Breki. Na mama wa mtoto, baba, ameanza kula vizuri?

Breki aliinamisha macho.

— Ameanza, alisema.

— Mungu ni mwema. Haya, kaeni salama.

Akaenda. Ukungu ulichukua shuka, kisha fimbo. Walisikia miguu yake kwenye matope, halafu hawakuisikia.

— Ule uji, alisema Persis.

Hakujua kwamba amesema kwa sauti mpaka alipoona wote wamegeuka. Kerubo aliamka mgongoni.

— Ule uji alioleta kwako, baba. Alikifunga chungu kwa majani ya mgomba makavu, mengi, halafu akakifungia shuka yake juu. Hii hii aliyovaa. Nilimwona, alipita mlangoni kwangu. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka nywele, hana kitu begani. Nilimwambia ingia, akasema uji utapoa.

Breki alitazama mkono wake, ule alioshikia chungu.

— Na moto wangu wa leo umetoka kwake, alisema Persis. Na wa jana. Na wa mwezi huu wote. Hakuninyima hata siku moja. Ni kuni zake anazichunga tu, anaamka usiku.

Jaffer alimmiminia kahawa iliyobaki. Birika lilitoa nusu kikombe na masimbi ya chini ya birika, akamwekea mbele yake kwa mikono miwili, kama anavyowekewa mgeni.

Breki alisimama. Alimtazama Persis, akashika baiskeli yake na kuikokota barabarani bila kuipanda. Mizani alisema majani yatakuwa yamefika kituoni, akaondoka, akakiacha kitabu.

Mkasi alibaki. Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwa Kerubo, kwenye ile kofia.

— Kwa hiyo mtoto huyu anapikiwa kwa moto wa kule, alisema.

— Ndiyo, baba.

— Mwezi mzima.

— Ndiyo.

— Hukuniambia nilipokuwa nashona.

— Hukuniuliza, baba.

Alicheka, akasimama, akajipangusa mavumbi ambayo hayakuwapo. Alimgusa Kerubo shavuni kwa kidole kimoja, kisha akajipangusa kidole hicho kwenye suruali. Persis alikiona kidole hicho. Alikuwa na desturi ya kuona wema mdogo mdogo wa watu, na hili aliliona kwa macho yale yale.

Hakungoja wateja. Alikunja gunia na njugu zake ndani, akamwambia Jaffer amwekee, akamfuata mzee dukani karibu kwa kukimbia. Alimkuta mlangoni mwa Gulled akiifunga chumvi kwenye pindo la shuka.

— *Magokoro*, alisema. Baba Kerubo hayupo, na Kerubo halali. Analia sana. Njoo ukae nasi. Leo hii. Usirudi kule kwanza.

Nyanchera alimtazama muda mrefu. Nje ya duka watu walipita, wengine wakasalimu, wengine hawakusalimu.

— Kerubo analala vizuri, alisema mzee.

— Ndiyo, alisema Persis, na machozi yakamtoka.

— Usilie. Nitakuja. Alimalizia fundo la chumvi, akalikaza kwa meno. Mwambie Gulled amsalimu mkewe, nimesahau.

Walipanda wote wawili njia ya juu, mzee mbele, Persis nyuma yake akiwa karibu sana, kama mtu anayeficha kitu kwa mwili wake.

Alhamisi watu kumi na mmoja waliteremka bondeni wakiwa na mapanga na mafuta ya taa, wakakuta nyumba ya Nyanchera haina mtu, wakaichoma ikiwa tupu. Breki hakuwa mmoja wao. Mkasi alikuwa.